Rafu ya Mita Mbili na Sentimita Nne

Jumatatu, 3 Machi

Kijitabu cha ubalozi, ukurasa wa tisa, kinamshauri mwenza anayebaki nyumbani aweke "kumbukumbu ya mawasiliano ya wanandoa, yenye tarehe". Sijapata kuweka shajara maishani. Naanza leo, kwa wino mweusi, katika daftari lenye kurasa mia moja na ishirini. Nimezihesabu mwenyewe, jalada linadai ni mia moja na ishirini na nane.

Mambo yalivyo ni haya. Mke wangu aliondoka juzi kwenda kufanya kazi katika maabara ya maji, katika nchi isiyo yake wala yangu. Mkataba wake ni wa miaka mitatu. Sheria ya huko inaniruhusu kumfuata, mradi kibali changu cha ukaazi kiombwe na kuamuliwa ndani ya siku tisini tangu yeye kuripoti kazini. Ameripoti leo. Siku ya tisini ni Jumamosi, na ubalozi haufunguliwi Jumamosi. Kwa hiyo ukomo halisi ni Ijumaa, 30 Mei. Baada ya hapo ombi halipokelewi tena hadi mkataba mwingine, yaani baada ya miaka mitatu.

Mimi ni mkaguzi wa mizani na vipimo. Sina tabia ya kukosa tarehe.

Katika fomu, yeye anaitwa "mwajiriwa". Mimi ninaitwa "mwenza anayefuata". Nimeyasoma maneno hayo mara nne.

Alhamisi, 6 Machi

Mawingu, hakuna mvua. Hakupiga simu.

Jumamosi, 8 Machi

Amepiga saa nane mchana. Tumezungumza dakika ishirini na sita. Amepata pa kuishi: vyumba viwili vya juu katika nyumba ya mwenzake wa kazini, mtu ambaye maabara nzima humwita Mrefu.

"Mrefu ndiye aliyenipokea," alisema. "Mrefu amenionyesha soko. Mrefu anasema maji ya huku yana chokaa nyingi, birika usipolisugua linaota magamba."

"Huyo Mrefu ana mke?"

"Sijamuuliza."

"Wiki nzima hujamuuliza?"

"Bwana Gramu," alisema, na hilo ndilo jina analoniita anapotaka nicheke, "nimekuja huku kupima maji, sikuja kuandikisha watu."

Nilicheka. Baada ya kukata simu nikarejea mazungumzo yote kichwani nikahesabu. Jina la mtu huyo lilitajwa mara kumi na moja. Swali la lini nitafika liliulizwa mara moja, na niliyeliuliza ni mimi.

Jumatano, 12 Machi

Risasi amenipa kazi ya ziada. Huyu ni msaidizi wangu, mtu mzima anayekaribia kustaafu. Amepewa jina hilo kwa sababu ndiye anayegonga lakiri za risasi kwenye mizani zilizokaguliwa. Leo alileta jedwali la mizani ya kinu cha nafaka: vipimo kumi, vyote kilo hamsini kamili.

"Umeipima mara kumi?"

"Kumi kamili, mkubwa."

"Na mara zote kumi ikasema hamsini?"

"Mizani nzuri ile."

"Mzee wangu, mizani hai hutikisika. Mara ya kwanza itasema hamsini, mara ya pili hamsini na gramu kumi, mara ya tatu itarudi nyuma kidogo. Zikilingana zote kumi, ujue kilichopima ni kalamu."

Alicheka hadi akakohoa, akasingizia kwamba goti lilimzuia kuinua mawe, akasema goti hilo halimdanganyi, mvua iko karibu. Nikamrudisha kinuni na mawe yake ya kupimia.

Jumapili, 16 Machi

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ameniletea suruali aliyoipunguza kiuno. Ni fundi cherehani, na kinywa chake hakina breki.

"Shemeji, hii ni mara ya pili napunguza. Unakonda kwa chakula au kwa Mrefu?"

"Nani amekupa habari za Mrefu?"

"Dada. Anasema ni mtu asiye na makuu."

"Mtu asiye na makuu husifiwa mara moja, yakaisha."

"Haya, kaa na rula yako. Ila mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe umekalia kochi. Karatasi hujapeleka hata moja."

Nilimjibu kwamba sipeleki karatasi nusunusu, nasubiri zikamilike. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikuwa kweli yote. Kati ya karatasi zinazotakiwa imo barua ya mdhamini wa makazi, na mdhamini ni mwenye nyumba. Siwezi kumfikia mke wangu ila kwa saini ya mtu huyo.

Jumamosi, 22 Machi

Ametuma picha ya chumba. Kitanda, dirisha, meza, vikombe viwili, mlango nusu wazi. Ukutani, upande wa kulia wa mlango, kuna rafu mpya ya mbao, bado tupu.

"Mrefu ameifunga jana," alisema. "Alitoboa ukuta mchana kutwa, vumbi hadi kwenye nyusi."

Nimeifanyia kazi picha hiyo jioni nzima. Kitasa cha mlango kwa kawaida huwa mita moja kutoka sakafuni. Kwa kukilinganisha na kitasa, na baada ya kurekebisha mwinamo wa kamera, rafu iko mita mbili na sentimita tano juu ya sakafu, kosa lisizidi sentimita tatu juu au chini. Mke wangu ana urefu wa mita moja na sentimita hamsini na nane. Hawezi kushusha kitabu kutoka pale hata akisimama kwa ncha za vidole.

Kwa hiyo rafu hiyo imefungwa na ama mtu asiyefikiri, ama mtu anayefikiri sana. Mtu anayetoboa ukuta mchana kutwa si mtu asiyefikiri. Ameiweka mahali ambapo kila kitu kitakapohitaji kushushwa, itabidi aitwe.

Nimeyaandika haya kwa utulivu.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua imeanza alfajiri, ya upepo. Goti la Risasi lina usahihi zaidi kuliko redio.

Barua ya mdhamini imefika kwa barua pepe, imegongwa muhuri leo hii. Imeandikwa vizuri. Ningependa iwe imeandikwa vibaya. "Nathibitisha kwamba vyumba viwili vya juu vimetengwa kwa ajili ya bibi huyu na mumewe, na kwamba ninamsubiri mumewe kwa heshima." Kwa nini anisubiri yeye? Nimeichapisha, nimeikunja mara tatu, nimeitia kwenye droo ya kushoto, chini ya vyeti vya mizani.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Barua ipo kwenye droo.

Jumatano, 9 Aprili

Ubalozi unataka kila mwanandoa ajaze peke yake dodoso la maswali thelathini na mawili: mlikutana wapi, nani huamka kwanza, ukutani mna nini. Wanataka kujua kama ndoa ni ndoa au ni tiketi. Nimeyajibu yote jioni hii, nikasahihisha, nikamtumia mke wangu majibu yangu ili naye ayanakili.

"Kwa nini usiniache niandike mwenyewe?" aliuliza.

"Kwa sababu tukitofautiana watatutilia shaka."

"Swali la kumi na nne umejibu hatujawahi kugombana."

"Ndiyo."

"Mume wangu, sisi tuligombana kuhusu namna ya kukunja shuka, siku tatu hatukusemeshana. Mama akaja kutupatanisha na shuka mkononi."

"Hilo halihitajiki kwenye faili la serikali."

Akasema sawa, atanakili. Nyuma yake nilisikia mtu akipiga mluzi akishuka ngazi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Barua ipo kwenye droo. Shemeji ameuliza kuhusu karatasi. Nimemjibu ziko njiani. Hakuna njia kati ya droo na meza.

Jumamosi, 19 Aprili

"Zimebaki siku arobaini na moja," alisema, hata kabla ya salamu.

Nilihesabu haraka. Alikuwa sahihi.

"Kawaida wewe ndiye unayenihesabia siku," alisema. "Safari hii nimezihesabu mwenyewe. Barua ya Mrefu umepeleka?"

"Jumanne."

Sikusema Jumanne ipi. Nimejifunza leo kwamba inawezekana kusema uongo bila kutumia neno hata moja lisilo la kweli, na kwamba mtu aliyezoea usahihi hulifanya jambo hilo vizuri kuliko wengine.

Jumanne, 22 Aprili

Nimelipeleka faili. Mvua ilikuwa kubwa, nikalifunika kwa koti langu mimi nikalowa. Karani wa dirishani alisema, "Umechelewa kidogo, lakini liko kamili." Nimerudi kazini nikikamua soksi.

Alhamisi, 8 Mei

Faili limezuiwa.

Nanukuu: "Maelezo ya wanandoa yanafanana neno kwa neno katika majibu yote thelathini na mawili. Ofisi haiwezi kuyakubali kuwa maelezo ya watu wawili." Kila mmoja anatakiwa kuandika upya bila kumwonyesha mwenzake, mke wangu aandike huko na kuyatuma moja kwa moja, mimi niitwe kwa mahojiano tarehe 21. Uamuzi utatolewa kabla ya ukomo, au hautatolewa kabisa.

Nilikuwa ofisini, nikaisoma barua hiyo mara mbili. Risasi akaniuliza kuna msiba? Nikampa aisome. Aliisoma polepole, akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akanirudishia karatasi.

"Thelathini na mbili kwa thelathini na mbili," alisema. "Mizani nzuri ile, mkubwa."

Nyani haoni kundule. Ningeletewa faili lile mezani kwangu ningelirudisha mimi mwenyewe, kabla chai haijapoa.

Jumamosi, 10 Mei

Leo naandika kwa urefu, kwa sababu sijui kama nitaweza kuandika kesho.

Alianza kwa sauti ya chini. "Nimepata nakala ya barua ya ubalozi. Kwenye orodha ya vielelezo, barua ya Mrefu ni ya tarehe mbili Aprili. Imepokelewa tarehe ishirini na mbili. Siku ishirini ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakamilisha vingine."

"Vingine vilikamilika Machi. Mdogo wangu aliviona kwenye bahasha."

Mvua ilikuwa inagonga bati la banda la jirani, na nilitumaini kwamba ataidhania mvua kuwa mtandao mbaya.

"Nakuuliza, ilikuwa wapi?"

"Kwenye droo."

"Kwa nini?"

Hapo nilimwambia yote. Nilimwambia jina la Mrefu, mara kumi na moja katika dakika ishirini na sita. Nilimwambia vikombe viwili, mluzi kwenye ngazi, "ninamsubiri kwa heshima". Nilimwambia rafu. Nilimtajia hadi sentimita. Nilizungumza kama mtu anayesoma jedwali mahakamani, na kadiri nilivyozidi kuwa na mpangilio ndivyo nilivyozidi kujisikia mpumbavu, lakini jedwali lilikuwa refu na sikujua namna ya kuliacha katikati.

Aliponijibu, hakupandisha sauti.

"Umeipima rafu kwenye picha."

"Ndiyo."

"Ukajua urefu wake, usijue ni ya nini."

"Niambie basi ni ya nini."

"Hapana. Ungeuliza Machi ningekuambia Machi. Sasa nimeambiwa niandike mwenyewe bila kukuonyesha. Nitaandika mwenyewe. Sitakuonyesha."

Akakata.

Nimekaa na swali ambalo halina kizio cha kulipimia. Anaweza kuandika lolote. Anaweza kuandika kwamba mumewe alilificha faili lake mwenyewe, nayo itakuwa kweli, na faili litafungwa, nami nitabaki nikikagua mizani ya kinu kwa miaka mitatu, yeye akishushiwa vitabu. Silaha hiyo nimempa mwenyewe; niliitunza kwenye droo ya kushoto kwa siku ishirini.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Nimempigia. Hakupokea.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Hakupokea.

Alhamisi, 15 Mei

Ujumbe wa maneno mawili: "Nimeshatuma." Barabara ya sokoni imejaa maji, Risasi amekwenda kazini na viatu mkononi.

Jumapili, 18 Mei

Shemeji amekuja bila suruali yangu na bila utani, jambo lililonitisha zaidi.

"Dada yako analia?" nilimuuliza.

"Dada halii. Dada anafanya kazi." Akakaa. "Shemeji, mimi nikimpima mtu nguo, namwambia asivute tumbo ndani. Akivuta, nguo haitamtosha akiwa nyumbani kwake. Siku ya mahojiano usiende kuvuta tumbo."

Jumatano, 21 Mei

Ofisi ya mahojiano ina meza moja, viti viwili na saa iliyo mbele kwa dakika nne. Afisa ni mama wa makamo, miwani imefungwa uzi shingoni. Mbele yake kulikuwa na maelezo ya mke wangu, yamegeuzwa kifudifudi.

"Nani huamka kwanza?"

"Yeye. Mimi husema ni mimi."

Aliandika. Akaendelea hivyo, bila haraka, hadi la kumi na nne.

"Mmewahi kutofautiana?"

Nilikuwa nimeandaa sentensi yenye vishazi vitatu. Nikaiacha.

"Ndiyo, bibi. Tumegombana kuhusu kukunja shuka. Na sasa tumegombana kuhusu rafu."

Alinitazama juu ya miwani. "Rafu gani?"

"Iliyofungwa ukutani kwake na mwenye nyumba."

"Kijitabu chetu kinakushauri uweke kumbukumbu ya mawasiliano. Unayo?"

Ninayo. Nilikuwa nimekuja nayo mfukoni kwa kutii ukurasa wa tisa, na hadi dakika ile sikuwa nimefikiri kwamba kuna mtu ataisoma. Nilimkabidhi. Hakuna kipimo nilichowahi kukitoa kwa shida kama hicho. Alifungua, akarudi nyuma, akasimama tarehe 22 Machi. Alisoma ukurasa wote mdomo ukiwa umefungwa. Kisha akageuza maelezo ya mke wangu, akatafuta kwa kidole.

"Hapa umeandika mita mbili na sentimita tano."

"Kosa lisizidi tatu."

"Umekosea moja," alisema. "Wewe urefu wako ni kiasi gani?"

"Mita moja na sentimita themanini na tatu."

Akasoma kwa sauti isiyo na rangi, kama anayesoma orodha ya mizigo: "Swali la ishirini na saba, kuna maandalizi gani ya kumpokea mwenza wako. Jibu: Nimemwomba mwenye nyumba afunge rafu ya vitabu vya mume wangu, mita mbili na sentimita nne, mahali mkono wake unapofika akiwa amesimama wima, kwa sababu vitabu vikiwa chini huvichukua na kuvisoma akiwa ameinama, mgongo ukamuuma, na lawama nikapata mimi. Mimi mwenyewe siifikii. Sijaweka kitu juu yake."

Saa ile ya uongo iliendelea kugonga.

"Na swali la kumi na nne?" niliuliza. "Ameandika nini?"

"Hilo ni lake," alisema, akaligeuza tena kifudifudi. Alinirudishia daftari. "Umelowa. Kuna kitambaa pale mlangoni, watu hupangusia viatu."

Nimeinama nikapangusa viatu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi, 22 Mei

Nimempigia. Amepokea. Muda tuliozungumza sikuupima.

"Nisamehe," nilisema.

"Kwa droo au kwa rafu?"

"Kwa vyote viwili."

"Droo bado sijaisamehe," alisema. "Njoo kwanza."

Ijumaa, 30 Mei

Kibali kimetoka saa tisa kasorobo alasiri, siku ya mwisho. Jua limewaka tangu asubuhi. "Mwenza anayefuata anaruhusiwa." Risasi amenigongea lakiri ya risasi kwenye kamba ya begi langu, akasema mzigo umekaguliwa. Ni kosa kisheria kuitumia lakiri ya ofisi hivyo, na sikuiondoa.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefika. Mke wangu yuko kazini hadi saa kumi na moja. Aliyenipokea ni Mrefu. Ni mrefu kweli, amenizidi kwa vidole vinne hivi. Ana adabu, sauti nzuri, na hana mke, nimemuuliza. Alibeba begi langu la vitabu hadi juu bila kupumzika kwenye ngazi.

Rafu ipo pale pale, tupu, na vumbi jembamba juu yake. Nilinyosha mkono bila kunyanyua kisigino. Ulifika.

"Kumbe mkeo alipatia," alisema Mrefu mlangoni. "Mimi nilimwambia, dada, hapa ni juu mno. Akakataa. Akavuta kigoda, akapanda, akanyosha mkono, akafumba macho kabisa, akasogeza kiganja juu, akasogeza chini, juu tena, kama mtu anayepapasa gizani. Akasema, hapa ndipo mkono wake unapofika, weka alama. Nikaweka. Ndipo tukapima."

Alinitakia mapumziko mema akashuka, akipiga mluzi ule ule.

Nimepanga vitabu vyote. Sasa nimekaa kitandani nikitazama kigoda. Sina tena shaka juu ya mke wangu, wala juu ya mtu huyu, na bado ninamwonea wivu kuliko mwezi Machi. Alisimama hapa, kalamu ya seremala mkononi, akamwona mke wangu akinitafuta hewani macho yakiwa yamefumbwa. Mimi nimesimuliwa tu.

Nasikia mlango wa chini. Ngazi zinapandwa mbili mbili; ni kasi ya mke wangu, naijua.